Sura ya Saba: Kamba Inapofupishwa

Katika michezo ya majini ambayo binadamu ameibuni tangu alipopata mota ya kusukuma chombo, ni michache iliyopimwa kwa hesabu kali kama slalomu, yaani ule mchezo wa kuteleza juu ya maji kwa ubao mmoja, huku mtu akivutwa kwa kamba na kuzunguka maboya sita yaliyopangwa kulia na kushoto kwa zamu. Uwanja wake ni ule ule kila siku. Maboya hayasogei hata shibiri. Mwendo wa mashua, ukishafika ukomo uliowekwa na sheria, hauongezwi tena. Na kwa sababu hiyo njia pekee iliyobaki ya kumpambanua fundi na fundi mwenzake ni kuifupisha kamba, hatua baada ya hatua, mpaka apatikane yule atakayeshindwa mwisho.

Sura zilizotangulia zimemfikisha msomaji mahali ambapo aweza kuinuka kutoka majini, kuvuka mawimbi yanayoachwa na mashua, na kuyamaliza maboya sita kwa kamba ndefu bila ya kuanguka. Sasa twaingia katika elimu nyingine, ambayo wengi huikabili kwa pupa na kwa misuli, kisha wakashangaa kwa nini kamba iliyopungua mita mbili tu imewageuza kuwa wanafunzi upya. Neno ninalotaka kulithibitisha katika sura hii ni moja, na msomaji akilishika atakuwa ameyashika mengine yote: kamba fupi haimdai mtelezi nguvu zaidi, humdai aifanye kazi yake mapema zaidi, na akishaifanya awe na stahamala ya kutoifanya mara ya pili.

Mchezo uliozaliwa mtoni

Yafaa tukumbuke kwanza kwamba mchezo huu ulizaliwa mtoni. Tarehe 2 Julai 1922, kijana mmoja wa mji mdogo wa Lake City katika jimbo la Minnesota, Marekani, jina lake Ralph Samuelson, alifanikiwa kusimama juu ya mbao mbili nyuma ya mashua katika Lake Pepin, mahali ambapo mto Mississippi hupanuka ukafanana na ziwa. Alikuwa amekwisha jaribu mbavu za pipa zikamzamisha, akajaribu na mbao za kutelezea juu ya theluji zikamzamisha pia, hata akazichonga mbao pana zaidi na kuzichemsha ncha zake mpaka zikakubali kupindwa kuelekea juu. Katika mwaka wa 1949 mashindano ya kwanza ya dunia yalifanyika Juan-les-Pins, Ufaransa. Na mwaka 1972 mchezo huu ulionyeshwa katika Olimpiki ya Munich, ingawa haukuhesabiwa miongoni mwa michezo ya medali. Katika Afrika ya Mashariki watu wameteleza nyuma ya mashua za mota katika hori za Mtwapa na Kilifi, na juu ya maji ya Naivasha.

Ama watu wa Mahege na wa vijiji vya delta ya Rufiji, katika wilaya ya Kibiti, ijapokuwa mchezo huu si wa kwao kwa asili, hawaujii wakiwa mikono mitupu. Mtu aliyezoea tangu utotoni kusimama wima ndani ya mtumbwi mwembamba, akausukuma kwa upondo katika mkondo unaopwa, amekwisha jifunza kwa nyayo zake jambo ambalo watelezi wa nchi nyingine hulitafuta kwa miaka, nalo ni kwamba mizani ya mwili juu ya maji huanzia katika vifundo vya miguu na magoti, na kwamba anayejaribu kujisawazisha kwa mabega na mikono huwa amekwisha chelewa. Elimu hiyo ndiyo msingi wa yote yatakayofuata, na kijana wa delta asiidharau kwa kuwa aliipata bila ya mwalimu.

Uwanja na hesabu yake

Uwanja wa slalomu una urefu wa mita 259 toka lango la kuingilia hadi lango la kutokea. Toka lango hadi usawa wa boya la kwanza ni mita 27. Toka boya hadi boya linalofuata, kwa kipimo cha njia ya mashua, ni mita 41. Na toka boya la sita hadi lango la mwisho ni mita 27 tena. Kila boya limekaa mita 11.5 kando ya mstari wa katikati ambao mashua huufuata bila ya kupinda, la kwanza, la tatu na la tano yakiwa kuliani, na la pili, la nne na la sita kushotoni. Katika mashindano makuu mashua huenda kilomita 58 kwa saa kwa wanaume na 55 kwa wanawake. Kwa mwendo huo wa wanaume uwanja mzima humalizika kwa sekunde 16 hivi, na muda wa kutoka boya moja hadi jingine hauzidi sana sekunde mbili na nusu. Katika muda huo mfupi mtelezi sharti avuke toka upande mmoja hadi wa pili, apunguze mwendo, alizunguke boya, na aelekee tena alikotoka.

Kamba ya kuanzia ina urefu wa mita 18.25, ukihesabiwa pamoja na mpini wake. Baada ya hapo hukatwa hadi mita 16, kisha 14.25, kisha 13, kisha 12, 11.25, 10.75, 10.25 na 9.75, kwa vitanzi vilivyoshonwa katika kamba yenyewe na kutiwa rangi mbalimbali ili msaidizi aliye ndani ya mashua asikosee. Msomaji mwepesi wa hesabu atakuwa amekwisha liona jambo la ajabu: tangu kipimo cha mita 11.25 kamba ni fupi kuliko masafa yaliyopo baina ya mstari wa mashua na boya. Yaani hata kama kamba ingelala mkabala kabisa na ubavu wa mashua, mpini usingelifikia boya, bali ungepungukiwa na sentimita 25. Na kwa kamba ya mita 9.75 upungufu huo ni mita 1 na sentimita 75. Kitu kinachoziba pengo hilo ni mwili wa mtelezi, unaolala karibu na uso wa maji huku mkono mmoja umenyooshwa kuelekea kwenye mpini na ubao ukipita nje ya boya. Hata hivyo mwaka 2013 Nate Smith wa Marekani aliyazunguka maboya mawili na nusu kwa kamba hiyo ya mita 9.75, na Regina Jaquess, naye Mmarekani, ameishika rekodi ya dunia ya wanawake kwa kamba ya mita 10.25. Hii ni ithibati ya kutosha kwamba mambo tunayoyazungumza hapa yamo katika uwezo wa viumbe wenye mifupa na misuli kama yetu.

Kwa nini kamba fupi ni ngumu

Wengi hudhani kwamba ugumu umo katika kulifikia boya, na hilo ni kweli kwa sehemu. Lakini sehemu kubwa zaidi imo katika pembe. Tuseme twataka mpini wenyewe ufike usawa wa mstari wa maboya. Kwa kamba ya mita 18.25, kamba hiyo itahitaji kufunguka kwa nyuzi 39 toka mstari wa katikati. Kwa mita 16, nyuzi 46. Kwa mita 14.25, karibu nyuzi 54. Kwa mita 13, nyuzi 62. Na kwa mita 12, nyuzi 73. Muda wa kutoka upande hadi upande ni ule ule wa sekunde mbili na nusu, bali safari ya kamba imekaribia kuwa maradufu, kwa kuwa toka nyuzi 39 za upande huu hadi 39 za upande ule ni nyuzi 78, na toka 73 hadi 73 ni nyuzi 146. Na hata tukikadiria kwamba mwili na mkono vimempa mtelezi mita moja na nusu nje ya mpini, kamba ya mita 11.25 bado yamtaka afike nyuzi 63 hivi, ya mita 10.75 yamtaka 68, na ya mita 10.25 yamtaka 77, yaani karibu asimame ubavuni mwa mashua badala ya nyuma yake.

Fundi mwashi akiitikisa timazi yenye uzi mrefu, itakwenda na kurudi pole pole. Akiufupisha uzi, timazi ile ile itakwenda na kurudi kwa haraka, wala haihitaji kusukumwa zaidi ili ifanye hivyo. Mtelezi aliye mwisho wa kamba ana hali ya namna hiyo: nguzo ya mashua ndiyo sehemu ya kuning'inia, kamba ndiyo uzi, naye ndiye risasi iliyofungwa chini. Kamba ikifupishwa, mzunguko wake wenyewe huwa mwepesi zaidi, na ukiachwa ufanye kazi humpeleka mtu nje na juu kwa haraka ambayo mikono yake haiwezi kumpatia. Kwa hiyo kamba fupi ina karama yake pamoja na ukali wake; na takriban makosa yote tutakayoyataja hapa chini ni namna mbalimbali za kuikatiza karama hiyo kabla haijamfikisha mtu mahali alipokuwa akipelekwa.

Lango

Mwanafunzi akiniambia kwamba anaanguka katika boya la tatu, mimi humtazama anavyoingia langoni. Uwanja huu hauna mahali pa kulipia deni: aliyechelewa kwa nusu ya mita katika boya la kwanza huchelewa kwa mita nzima katika la pili, na lile la tatu humkuta akiwa tayari amekwisha shindwa, ingawa jicho la mtazamaji huliona anguko hapo tu.

Kwa kuwa boya la kwanza liko kuliani, mtelezi hujitoa kushoto kabla ya lango, akapanda pembeni mwa mashua, kisha akageuka na kuvuka katikati ya maboya mawili ya lango akielekea kulia. Kwa kamba ndefu aweza kujitoa kidogo tu na akafaulu. Kwa kamba fupi sharti apande juu zaidi, akiwa ametulia juu ya ubao wake na kamba imenyooka, maana anayeanza kugeuka akiwa chini, nyuma ya mashua, hana pembe, na asiye na pembe hulazimika kuitafuta kwa kuvuta, na kuvuta huleta mwendo wa ziada, nao mwendo wa ziada humfikisha kwenye boya akiwa hawezi kugeuka. Mazoezi ya kujitoa na kurudi, bila ya kuyafuata maboya yanayosalia, ni mazoezi ambayo vijana huyaona ya kuchosha. Lakini aliyeyafanya kwa uaminifu hupata mengi kuliko aliyeteleza uwanja mzima mara nyingi kwa lango baya.

Toka boya hadi katikati

Hapa ndipo kazi ya kweli inapofanywa, na hapa tu. Ubao ukishageuka na kuelekea upande wa pili, mtelezi huulaza mwili wake wote kinyume cha mashua, kwa mstari ulionyooka toka kifundo cha mguu, kupitia goti lililolegea kidogo, nyonga iliyopandishwa mbele, hadi bega. Mikono imenyooka, viwiko vimebanwa karibu na mbavu, na mpini u karibu na nyonga. Uzito umegawanyika juu ya miguu yote miwili, na muundi wa mguu wa mbele huuhisi mkazo wa kiatu chake. Kwa mkao huu mvuto wa kamba hupita katika mifupa ukashuka hadi kwenye ubao, na ubao hukata maji.

Kosa kubwa ni kuvunjika kiunoni, makalio yakabaki nyuma na kifua kikavutwa mbele, kwani hapo mvuto wote hukaa mgongoni na mabegani, mtu akahisi kwamba anafanya kazi nyingi hali ubao wake unaelekea zaidi kwa mashua kuliko upande anaoutaka. Kosa la pili ni kuikunja mikono na kuvuta mpini kifuani. Nguvu hiyo ni ya mara moja, nayo ikiisha humwachia kamba iliyolegea au bega lililochoka. Mtu mzito mwenye misuli huweza kuyaficha makosa haya kwa kamba ya mita 16, na pengine hata ya 14.25. Kwa mita 13 kamba huyafichua yote mawili.

Jambo la kutilia mkazo ni wakati. Kwa kamba ndefu mtelezi aweza kuendelea kuulaza mwili hadi baada ya kuvuka matuta yote mawili ya maji yaliyo nyuma ya mashua, na bado akapata nafasi ya kupunguza mwendo. Kwa kamba fupi mzigo sharti ufike kilele chake kabla ya tuta la kwanza na uanze kupungua katika mstari wa katikati. Anayefanya kazi baada ya katikati huwa anaongeza mwendo ambao hana tena nafasi ya kuutumia.

Baada ya katikati

Mtelezi anapopita nyuma ya mashua, ubao hubadilisha ukingo wake: ulikuwa ukikata maji kwa upande mmoja, sasa unapita chini ya mwili na kuanza kuegemea upande wa pili. Mabadiliko haya yasifanywe kwa kutupa mwili wala kwa kuuachilia mpini uende mbali. Mikono yote miwili ibaki juu ya mpini, viwiko vibaki mbavuni, na nyonga ibaki karibu na mikono, hata pale ambapo moyo wote wa mtu unamwambia anyooshe mkono kuelekea boya analoliona likimjia.

Sababu yake ni ile ya timazi. Maadamu kamba imekazwa na mpini u karibu na mwili, mtelezi huendelea kuchukuliwa nje na juu katika duara lake. Akiunyoosha mkono mapema, huwa ameurefusha uzi katikati ya safari. Duara lake huvunjika, naye huanza kwenda moja kwa moja kuelekea boya, kwa mwendo mkubwa na kwa pembe ndogo. Hufika, lakini hufika akiwa chini, mwembamba, na mwenye haraka. Hapo lawama aghalabu huangukia mzunguko wa boya, kumbe mzunguko hauna hatia.

Subira hii ya kuushika mpini kwa mikono miwili, huku hakuna tena cha kuvuta, ndiyo iliyo ngumu kuliko yote katika mchezo huu, kwa sababu haionekani kuwa ni kazi. Andy Mapple wa Uingereza, aliyetamba katika miaka ya 1980 na 1990, alisifika kwa utulivu uliowafanya watazamaji wadhani kwamba mashua yake ilikwenda pole pole kuliko za wenzake.

Kulizunguka boya

Mtelezi anapokaribia upana anaoutaka, mkono wa nje huachilia na mkono wa ndani hubaki na mpini, ukanyooka taratibu kuelekea mashua, huku mwili ukiegemea ndani na ubao ukiendelea nje. Mkono usitupwe, uachiwe uende kadiri kamba inavyoudai. Macho yatazame mbele, kwenye uwanja unaokuja, kwa kuwa anayelikazia macho boya la karibu huinamisha kichwa, na kichwa kikiinama bega la ndani huanguka, na bega likianguka ubao hunata majini.

Mzunguko mzuri humalizika nyuma ya boya. Huanza kabla ya boya, hufikia upana wake mkubwa kabla ya boya, na mtelezi anapopita sambamba nalo huwa amekwisha anza kurudi. Akishaumaliza, nyonga ndiyo iuendee mpini, na mkono wa nje urudi kuushika chini, karibu na nyonga. Aupokonyaye mpini na kuuvuta kifuani kabla ubao haujamaliza kugeuka hupata mshtuko wa kamba, akainuliwa juu ya ubao wake, na kazi ya toka boya hadi katikati ikaanza kwa mkao uliokwisha haribika.

Kuhusu kamba kulegea, ambayo ndiyo malalamiko ya kila anayeanza vipimo vya mita 13 na 12, nasema kwamba haiponywi mahali inapoonekana. Kamba hulegea kwa sababu mtu amefika kwenye boya akiwa na mwendo mkubwa kuliko wa mashua na kwa njia iliyo nyembamba, kisha akageuka kwa ghafula akielekea mashua yenyewe. Dawa yake iko nyuma, katika tuta la kwanza, ambako kazi ilichelewa, au katika tuta la pili, ambako mkono ulinyooshwa mapema. Na kila mtelezi ana upande mwepesi na upande mzito, kwa kadiri ya mguu autangulizao. Aghalabu kamba hulegea upande mzito kwa kosa lililotendwa upande mwepesi, ambako mtu alijiamini na kugeuka kwa majivuno.

Tadbiri ya mazoezi

Mazoezi ya kwanza yaweza kufanywa Mahege penyewe, bila ya mashua wala petroli. Funga kamba yenye mpini katika shina la mwembe, kwa kimo cha kiuno, simama ubavu ukielekea mti, kisha jilaze kinyume chake mpaka mwili wote, toka kifundo hadi bega, uwe mstari mmoja. Mtu wa pili akutazame na akuambie kama makalio yamebaki nyuma au viwiko vimeachana na mbavu. Kaa katika mkao huo mpaka uchovu uje, upumzike, ugeuke upande wa pili. Mwili ambao haujaujua mkao huu juu ya mchanga mkavu hautaugundua juu ya maji katika sekunde mbili na nusu.

Mazoezi ya pili ni kuifupisha kamba huku mwendo wa mashua ukipunguzwa hadi kilomita 52 au 49 kwa saa. Kwa njia hii mwanafunzi huzijua pembe za kamba fupi akiwa na wasaa wa kufikiri, na hofu humtoka kabla kasi haijarudishwa. Mazoezi ya tatu ni kuteleza bila ya maboya, mtu akivuka upande hadi upande kwa mwendo wa sawasawa, akichunga tu mkao, kamba iliyokazwa na mpini ulio karibu. Maana boya humfanya mtu asahau kila alichofundishwa. Na katika zama hizi ambapo karibu kila simu yaweza kupiga picha za video, rafiki aliye ndani ya mashua apige picha za kila mpito, kwa sababu mtelezi huhisi kwamba amenyooka hali picha yaonyesha amekunjika, na picha haimwonei haya mtu.

Pezi lililo chini ya ubao, pamoja na nafasi ya viatu, huweza kubadili tabia ya ubao kwa masogezo madogo mno. Lakini namwusia mwanafunzi asiviguse mpaka mkao wake uwe thabiti, la sivyo atakuwa anarekebisha chombo kila siku kwa kulifuata kosa la mwili linalobadilika kila siku.

Kadhalika, aendeshaye mashua ni nusu ya mtelezi. Mashua ikipinda hata kidogo, au mwendo wake ukishuka pale kamba inapokazwa, hesabu zote tulizozitaja huharibika. Mashua za mashindano ya leo zina vyombo vya kudhibiti mwendo kwa kufuata setilaiti. Asiye navyo na awe na nahodha mwenye mkono mtulivu, asiyegeuka nyuma kutazama, kwa kuwa kutazama ni kazi ya mtu wa pili anayekaa akielekea mtelezi.

Maji yafaayo na hadhari yake

Sitatimiza wajibu wangu nisipomwonya msomaji wa delta kuhusu mito yake mwenyewe. Njia za maji za Rufiji zina mamba na viboko. Chini yake mna matope, mizizi ya mikoko na magogo ya michu yaliyoanguka. Na wakati wa bamvua maji hupanda na kushuka kwa mita tatu na zaidi, hata mahali palipokuwa na kina asubuhi pakawa fungu la tope adhuhuri. Uwanja wa slalomu wahitaji maji yaliyotulia, yenye kina kisichobadilika, yasiyo na mkondo wa kuyasogeza maboya, na yasiyo na mnyama wa kumtia mtu hatarini pindi anapoelea akingoja mashua irudi. Kijana wa Mahege na aujifunze mkao wake chini ya mwembe wa kwao, kisha ayatafute maji salama penye watu wenye mashua ya kufaa na wenye ujuzi wa kuokoa.

Popote atakapoteleza, asikose jaketi la kuelea; asizungushe kamba mkononi wala kuipitisha mguuni; naye ajifunze kuuachilia mpini mara tu mizani inapopotea, kwa maana kwa kamba fupi mvuto ni mkubwa na wa ghafula, na mabega yaliyoumizwa kwa ukaidi wa dakika moja huweza kumweka mtu ufukoni kwa msimu mzima.

Sasa limebaki swali ambalo kila mwanafunzi huliuliza: ni lini nifupishe? Kaida ninayoiona kuwa njema ni hii. Usiikate kamba kwa kuwa umefaulu mara moja. Ikate pale ambapo unayamaliza maboya sita na kutoka katika lango la mwisho mara kwa mara, mkao wako wa upande mzito ukifanana na wa upande mwepesi, na nguvu ya kurudia ikiwa bado imebaki mwilini. Ikiwa kipimo kipya kimekushinda kwa siku kadhaa, rudi katika kipimo cha nyuma bila ya kuona aibu, ukatafute pale mahali ambapo kazi yako inachelewa, kwa sababu kosa litakuwa limo humo humo, dogo, likisubiri kukuzwa. Afuataye njia hii atakawia kuifikia mita 12, na wenzake wenye pupa watatangulia mbele yake kwa muda. Lakini atakapoifikia ataweza kueleza boya kwa boya kwa nini amefaulu, na mwenye uwezo wa kulieleza hilo anaweza kulirudia kesho yake na kumfundisha mwingine.